FUNDI WA NYUMBANI: Kioo Cheusi Si Kifo cha Kompyuta

Juma hili nataka tuongee juu ya jambo lililotia huzuni nyumba moja ya upande wa Laela, nalo laweza kutia huzuni nyumba nyingine nyingi za Ufipa yetu tusipoonyana mapema.

Baba mmoja aliuza mahindi yake. Fedha aliyopata aliigawa mafungu matatu: fungu la mbolea, fungu la sare za watoto wadogo, na fungu la tatu akamnunulia binti yake, aliyemaliza kidato cha sita, kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu twaiita laptopu. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika Ulaya miaka kadhaa, nayo ilikwenda polepole kama punda apandaye mlima na mzigo. Rafiki wa shule akamshauri binti aondoe mfumo wa zamani, aweke Linux, ambao hautozwi hata senti moja. Binti akaifanya kazi hiyo usiku, mama yake akimulika kwa simu. Mashine ikajizima, ikajiwasha tena, halafu kioo kikawa cheusi tii. Wakangoja mpaka jogoo wa kwanza. Wapi! Weusi ule ule.

Kulipokucha baba akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akatazama weusi, akasema: "Kioo kimekufa. Leta fedha ya kioo kipya." Bei aliyoitaja ilikaribia bei ya kompyuta yenyewe. Jirani naye akaongeza lake: kompyuta imerogwa. Huyo jirani nilimkumbusha baadaye kwamba hata jina la mji wetu, Sumbawanga, wazee hulieleza kuwa maana yake ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe kweli, tusiurudishe kwa mlango wa kompyuta.

Mimi nilikutana na baba huyu stendi, kompyuta ameifunga katika khanga ya mkewe, naye anawaza kuuza mbuzi wawili apate fedha ya kioo. Nikamwuliza neno moja tu: "Ukiiwasha, alama ya kiwanda huonekana kabla ya weusi?" Akajibu: "Huonekana, tena yang'aa vizuri." Nikamwambia: "Basi kioo ni kizima. Rudi na mbuzi wako nyumbani."

Ndugu msomaji, neno hilo moja ndilo msingi wa somo la leo. Lishike.

KWA NINI LINUX, NA KWA NINI SASA

Wengine watauliza, Linux ni kitu gani? Ni mfumo endeshi, yaani ule utaratibu unaoamuru vyombo vyote vya kompyuta, kama msimamizi aamuruvyo wafanyakazi shambani. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliuanzisha na kuwagawia watu bure. Tangu hapo maelfu ya mafundi wa nchi nyingi wameuendeleza. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa aina yake iitwayo Ubuntu, neno ambalo sisi twalisema "utu". Mwaka huo huo wataalamu wa mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo, programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo habari hii si ngeni kabisa nchini mwetu.

Shida ya sasa ni hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida ya bure, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kompyuta za namna hiyo ndizo tuzionazo madukani kama mitumba. Bado zina nguvu, zikipata Linux zaweza kumfaa mwanafunzi, katibu wa chama cha ushirika au mwalimu kwa miaka mingi. Ila siku ya kwanza ya kuuweka mfumo, kioo huleta matata kuliko chombo kingine chochote.

CHANZO CHA MATATA

Ndani ya kompyuta kuna chombo kidogo kinachochora picha zote uzionazo juu ya kioo. Viwanda vikubwa vya vyombo hivyo ni Intel, AMD na Nvidia. Chombo hicho hakijui la kufanya mpaka kipate mkalimani, yaani draiva. Linux inapowaka, kwanza hutumia picha hafifu ya mashine yenyewe. Hapo ndipo waona alama ya kiwanda na orodha ya kuanzia. Halafu humkabidhi kazi mkalimani. Kama mkalimani hakijui chombo kile, au hawasikilizani, picha hupotea. Mashine yaendelea kufanya kazi gizani, kama mtu asemaye redioni wakati spika imekatika waya.

Draiva za Intel na AMD kwa kawaida zimo ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo nyingi huwaka bila maneno. Nvidia ndiyo huleta shida mara nyingi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilificha siri za vyombo vyake, hata watu wa kujitolea wakalazimika kutunga draiva yao, iitwayo nouveau, kwa kubahatisha na kupimapima. Mwaka 2012 Linus Torvalds aliikemea kampuni hiyo hadharani kwa maneno yasiyofaa kuandikwa katika gazeti lisomwalo na watoto. Mwaka 2022 kampuni ilianza kuifungua sehemu ya kazi yake, lakini hiyo yahusu vyombo vipya zaidi; kompyuta za mitumba zabaki na taabu yake. Tena kompyuta nyingine zina vyombo viwili vya picha, kimoja cha Intel na kimoja cha Nvidia, nazo zaweza kukuchanganya zaidi.

KWANZA: PIMA KABLA YA KULIA

Kabla ya kwenda kwa fundi, fanya haya.

Iwashe mashine, utazame mwanzo. Alama ya kiwanda ikionekana, kioo ni kizima na waya wake ni mzima. Isipoonekana kamwe, hapo ndipo fundi ana haki ya kusikilizwa.

Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ndogo ikiwaka na kuzima, mashine i hai, ila haionyeshi picha.

Ingia chumba chenye giza, umulike kioo kwa tochi ukiwa umeisogeza upande. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, picha ipo. Kilichokosekana ni mwanga wa nyuma ya kioo. Jaribu vitufe vya kuongeza mwanga, pamoja na kitufe cha Fn.

Mwisho, kama jirani au kibanda cha video kina televisheni yenye tundu la HDMI, unganisha waya. Picha ikitokea huko, umekwisha kujua kwamba shida ni ya mazungumzo kati ya draiva na kioo.

Na usiwe na haraka. Kompyuta ya zamani yaweza kukaa gizani dakika kadhaa kisha ikaamka. Mpe dakika tano kamili kwa saa, si kwa moyo.

PILI: IWASHE KWA NJIA YA TARATIBU

Ukiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, hutokea orodha ya kuchagua. Mstari wa kwanza ni wa kawaida. Chini yake mna mstari wenye maneno "safe graphics". Katika Linux Mint mstari kama huo husema "compatibility mode". Chagua huo. Maana yake waiambia Linux: tumia picha ile hafifu, mkalimani asiingie kwanza.

Kama mstari huo haupo, fanya kwa mkono. Orodha ikiwa mbele yako, bonyeza herufi e. Yatatokea maandishi mengi, usiogope. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Ndani yake mna maneno quiet splash. Baada ya maneno hayo acha nafasi moja, uandike:

nomodeset

Kisha bonyeza F10, au Ctrl pamoja na X. Usibadilishe neno lingine lolote. Badiliko hili ni la safari moja tu. Ukizima mashine limefutika, kwa hiyo hakuna utakachoharibu.

Picha itatokea kubwa na ya kukwaruza, na mashine itakwenda kwa uzito. Ndivyo ilivyo, usikate tamaa. Endelea kuuweka mfumo mpaka mwisho.

Binti yule wa Laela alifika hapa kwa dakika tatu. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, alipiga kigelegele. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza, safari bado."

TATU: GIZA LA PILI

Wengi hushindwa hapa. Wameuweka mfumo vizuri, wametoa flashi, wamewasha tena, na weusi umerudi. Wengine huanza kazi yote upya, usiku hata usiku. Hapana. Mfumo umekwisha kaa; ila yale maneno ya taratibu yaweza kuwa hayakuhamia pamoja nao.

Izime, uiwashe, na alama ya kiwanda inapotoweka bonyeza Esc mara moja. Katika mashine za zamani zaidi shikilia Shift badala yake. Itatokea orodha iitwayo GRUB. Usiligongegonge Esc kama mtu apigaye ngoma, kwa sababu waweza kutupwa mahali penye neno grub> peke yake. Ikiwa hivyo, zima uanze tena. Orodha ikitokea, bonyeza e, andika nomodeset kama mwanzo, halafu F10. Utaingia.

NNE: MLETE MKALIMANI WA KWELI

Wazee wetu wa Ufipa walijua kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyopita kimo cha mtu, nayo yaliwaka kwa upepo wenyewe bila mivukuto. Lakini chuma kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa katika tanuri dogo kisafishwe kwa moto wa pili, ndipo mhunzi akakifua. Neno nomodeset ni moto wa kwanza. Aliyesimama hapo ana chuma, hana jembe.

Basi fungua dirisha la amri, liitwalo Terminal, uandike:

lspci -k

Mistari mingi itatokea. Tafuta wenye neno VGA au 3D. Hapo utasoma jina la kiwanda: Intel, AMD au Nvidia. Chini yake, penye "Kernel driver in use", utaona draiva gani yatumika. Liandike jina hilo katika daftari. Litakufaa ukiomba msaada.

Kama ni Intel au AMD, mara nyingi dawa ni kuusasisha mfumo wote tu, kisha kuwasha bila nomodeset. Kama ni Nvidia, katika Ubuntu andika:

sudo ubuntu-drivers install

Mashine yenyewe itachagua draiva ifaayo. Katika Linux Mint fungua "Driver Manager", uchague iliyoandikwa "recommended". Usishushe draiva kutoka popote tu mitandaoni. Hiyo ni njia ya kuongeza ugonjwa. Na kama chombo chako ni cha zamani sana hata draiva ya kiwanda haipo tena, baki na nouveau ukiwa umeshukuru. Kuandika barua na kupiga hesabu hakuhitaji zaidi.

Kazi hii yataka intaneti. Huna haja ya kuja mjini. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa kuchajia, kisha katika simu uruhusu "USB tethering". Kompyuta itapata mtandao mara moja. Ila jua kwamba draiva ya Nvidia ni mamia ya megabaiti, basi nunua kifurushi cha kutosha, na chaji ya betri iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, utajitafutia kazi mpya.

TANO: SKRINI YA BULUU NA MLINZI WA MLANGO

Kompyuta nyingi zina mlinzi aitwaye Secure Boot. Kazi yake ni kuzuia programu zisizo na muhuri. Draiva ya Nvidia yaweza kuonekana kwake kama mgeni asiye na barua. Ndiyo maana wakati wa kuiweka utaombwa kutunga neno la siri. Liandike daftarini. Ukiwasha tena, itatokea skrini ya buluu. Chagua "Enroll MOK", halafu "Continue", halafu "Yes", andika lile neno la siri, kisha "Reboot".

Binti wetu alipoona buluu alishtuka, akaipita haraka. Matokeo yake draiva ilikuwamo ndani, lakini mlinzi akaizuia mlangoni, na picha ikabaki ya kukwaruza vile vile. Ilibidi airudie draiva ili aulizwe tena. Haraka haraka haina baraka.

SITA: ONDOA GONGO

Mtu aliyevunjika mguu hupewa gongo. Akipona na bado analishika, atachechemea maisha. Ndivyo ilivyo nomodeset. Mara nyingine huandikwa katika mfumo wakati wa kuuweka, ikabaki humo na kuizuia draiva nzuri isifanye kazi. Fungua faili lake:

sudo nano /etc/default/grub

Katika mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ukiona nomodeset, lifute neno hilo peke yake. Alama za kufungia maneno uziache. Hifadhi kwa Ctrl pamoja na O, bonyeza Enter, toka kwa Ctrl pamoja na X. Kisha andika:

sudo update-grub

Washa tena. Sasa herufi zitakuwa safi, na kioo kitajaa picha mpaka pembeni.

Kama baada ya kuandika neno la siri la kuingilia kioo kinakuwa cheusi tena, bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Huenda ukapata mahali pa kuandika jina na neno la siri bila picha. Humo waweza kutoa amri zile zile. Na kama shida imeanza baada ya kusasisha, rudi katika GRUB, ingia "Advanced options", uchague kiini cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi. Linux huwa haitupi cha zamani siku ile ile ikipokea kipya, na hiyo ni busara hata kwa watu.

MAONYO MATATU KWA WAZAZI

La kwanza: kabla ya kugusa lolote, nakili picha, vyeti na barua zenu katika flashi nyingine. Kuweka mfumo mpya kwaweza kufuta vyote, na picha ya arusi au ya marehemu bibi hainunuliwi dukani.

La pili: mtu akienda kununua kompyuta ya mtumba, achukue flashi yenye Linux. Aombe kuiwasha kwa flashi hiyo mbele ya muuzaji, achague sehemu ya kujaribu bila kuweka. Aone kioo, asikie sauti, ajaribu Wi-Fi. Dakika kumi tu. Hatununui ng'ombe bila kumtazama meno. Kwa nini tununue kompyuta kwa kutazama ganda lake? Muuzaji akikataa, funga mfuko wako, uende kwingine.

La tatu: fundi akikuambia kioo kimekufa, mwulize kwa heshima, "Mbona alama ya kiwanda yaonekana?" Sisemi mafundi ni wezi. Wengi ni watu waaminifu, lakini hawajazoea Linux, nao wakiona giza husema wanachokijua. Kuuliza si ujinga, na swali moja laweza kuokoa mbuzi wawili.

Baba wa Laela alirudi nyumbani na fedha yake yote. Kompyuta sasa yawaka mezani, juu ya kitambaa kilichofumwa na mama. Binti aandika barua za maombi ya chuo, na jioni huwaandikia majirani hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Juzi alikuja jirani yule wa habari za uchawi, na laptopu ya mwanawe chini ya kwapa. Kioo cheusi. Binti hakumcheka. Alimkaribisha kiti, akamwuliza: "Shikamoo baba. Ukiiwasha, alama ya kiwanda huonekana?"

Haya, kwa leo yatosha. Likateni somo hili mliweke pamoja na daftari la nyumba, maana siku ya giza hakuna atakayelikumbuka kichwani. Kwaherini.